Orodha ya Wenye Nguvu wa Mbumi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika taarifa yangu mwenyewe, iliyorudi mezani kwangu ikiwa na mstari mwekundu chini ya kila jina. Mama mmoja wa Msowero ameandika kuniuliza kwa nini mtu mzima atetemeke kwa ajili ya wino. Nitamjibu leo, lakini kwanza niwakumbushe waliokosa mwanzo.

Mimi ni Cleopa. Nilitoka Chuo Kikuu mwaka wa sabini na tatu nikiwa na digrii, suruali mbili na kifua kibovu. Kwenye kambi ya jeshi la kujenga taifa nilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili daktari alinisikiliza mgongoni, akaandika karatasi, nikarudishwa.

"Kaujenge mwili," aliniambia. "Tutakupima tena Oktoba ya mwakani. Ukishindwa, sahau kuthibitishwa kazini."

Nikapangiwa Kilosa, msaidizi wa afisa utamaduni, nikapata chumba Mbumi, pembezoni mwa mji. Kabla hata sijauliza kisima kiko wapi, niliuliza hapa watu wanafanyia wapi mazoezi.

"Mazoezi ya nini?" alisema Bi Mwanakheri, jirani yangu muuza vitumbua. "Kwani jembe limekushinda?"

Nilitafuta. Niliambiwa Kimamba kuna ukumbi kwenye klabu ya zamani ya mameneja wa mkonge, nikaendesha baiskeli mpaka huko. Ukumbi ulikuwepo kweli. Ulikuwa umejaa popo, na uwanja wa tenisi ulikuwa umeanikwa mahindi. Nilikwenda kwa askari waliokuwa wakipigana ndondi jioni. Wakaniambia ni ya askari tu, kisha wakaitazama mikono yangu na kutazamana. Nilijiunga na mchakamchaka wa watoto wa shule. Watoto wa darasa la nne waliniacha darajani, na msichana mmoja akarudi kunishika mkono.

Ndipo nikampata Lazaro.

Lazaro alikuwa dereva wa treni ndogo ya kubeba mkonge. Shamba lilipofungwa, alipewa vyuma chakavu vya reli. Wenzake waliviuza. Yeye alivikokota mpaka Mbumi, akavipanga mbele ya nyumba yake, watu wakaanza kuja kunyanyua.

Kulikuwa na vyuma vitatu vyenye majina. Karani alikuwa kipande cha reli cha kilo ishirini na mbili. Nyapara alikuwa na arobaini na nane. Meneja alikuwa magurudumu mawili ya behewa la mkonge pamoja na chuma kinachoyaunganisha, kilo tisini na mbili, na hakuna aliyewahi kumpandisha juu ya kichwa isipokuwa Lazaro mwenyewe.

Sheria ilikuwa moja. Chuma hakiangushwi. Unakilaza chini kama mtoto aliyesinzia. Atakayeangusha atafagia uwanja wiki nzima, awe nani.

Mimi nilifagia wiki tatu mfululizo. Katika miezi minne nikatoka kwa Karani nikamfikia Nyapara. Nilimfikisha kifuani mara moja tu, na siku hiyo Lazaro alimwita mke wake, Raheli, aje aone.

Kwa furaha ile nikaandika taarifa. Niliipa kichwa "Mahali pa Mazoezi ya Viungo, Kilosa Mjini na Pembezoni", ili mwingine mwenye kifua kama changu asiendeshe baiskeli kwenda kuwasalimia popo. Uwanja wa Lazaro niliuandika kwa ukamilifu: saa za mazoezi, majina ishirini na sita, na kilo ambazo kila mmoja ananyanyua. Mwisho nikaiomba serikali itupe vyuma halisi vya mazoezi na paa la mabati.

Na hapa ndipo pa kuungama. Nilijua kwamba ofisini taarifa yenye tarakimu ndogo haisomwi. Kila aliyeandika kuhusu pamba aliongeza magunia, kila aliyeandika kuhusu vyoo aliongeza vyoo. Kwa hiyo nami niliongeza. Kila mtu nilimwongezea kilo kumi. Jina langu peke yake ndilo nililoliacha na kilo zake ishirini na mbili, kwa unyenyekevu.

Jumatano asubuhi niliichukua ile taarifa yenye mistari, nikaingia nayo kwa Marko. Huyu ndiye katibu aliyekuwa akisimamia kuhamisha watu kwenda vijiji vipya.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, Cleopa. Kaa. Umefanya kazi nzuri."

Sikukaa.

"Tangu mwaka juzi naomba majina ya watu wenye nguvu wa Mbumi," alisema. "Mabalozi wa nyumba kumi wananiletea wagonjwa. Huyu ana ngiri, yule ana mgongo, wa tatu anaona giza akiinama. Wewe umeniletea watu na kilo zao."

"Ile ni taarifa ya mazoezi, Ndugu Katibu."

"Nimeisoma. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, wanaume ishirini na sita wananyanyua chuma. Wanakipeleka wapi?"

"Hawakipeleki popote."

"Wanakinyanyua, halafu?"

"Wanakirudisha chini."

"Palepale?"

"Palepale."

Aliegemea kiti, akanitazama kwa upole. "Sasa wewe umesoma kuliko mimi. Mtu anayenyanyua chuma na kukirudisha palepale, huyo si ana nguvu zilizozidi? Na huko Mikumi tuna ekari mia nne za pori linalotaka kufyekwa."

"Hawa ni wakulima," nilisema. "Wanaingia shambani alfajiri. Mpaka saa sita wameshamaliza, wanakula, wanapumzika, ndiyo wanakuja."

"Hilo hukuliandika."

Ni kweli sikuliandika. Sikuliandika kwa sababu Kilosa nzima inalijua.

"Malori yanakuja Jumamosi," alisema Marko. "Watu ishirini na watano na jamaa zao. Wewe wa ishirini na sita nimekukata, maana ni mtumishi. Balozi ameshaanza kuwaambia."

Nyinyi mnaosoma mnaweza kusema ningepinga jambo zima. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeimba Ujamaa kwa moyo wangu wote, na hata siku ile sikuona ubaya wa kijiji. Niliona ubaya wa kumchukua mtu kwa ajili ya karatasi yangu. Nikamtetea mmoja.

"Lazaro asiende," nilisema. "Mke wake ana mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, akafa siku ya pili. Daktari amemkataza kabisa kujifungulia mbali na hospitali."

"Kijiji kitapata zahanati."

"Lini?"

"Kwenye mpango ipo."

"Raheli atajifungua mwezi ujao, Ndugu Katibu. Si kwenye mpango."

Marko hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi baadaye. Aliizungusha kalamu yake kidogo.

"Mimi siwezi kumfuta mtu kwa huruma. Nikimfuta mmoja kwa huruma, kesho watakuja wote na wake zao. Lakini orodha hii ni ya wenye nguvu. Jumamosi nitapita palepale kwake. Anyanyue mbele ya watu. Akishindwa, basi hana nguvu, atabaki na wazee na wagonjwa. Serikali haimwonei mtu."

Nilitoka pale nikiwa na furaha. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ilikuwa furaha.

Saa nane nilikuwa uwanjani kwa Lazaro. Hakuna mwingine aliyekuja. Balozi alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, na watu walikuwa wakifunga mizigo. Lazaro alikuwa amemshika Nyapara kifuani, peke yake. Raheli alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo uliolala juu ya tumbo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hata wewe umekuja kuaga? Jana ulipaswa kumrudia Nyapara."

"Kaka, ile orodha nimeiandika mimi."

Alimlaza Nyapara chini taratibu, bila mlio. Kisha akapangusa mikono kwenye kaptura.

"Uliandika nini?"

"Majina. Saa tunazokutana. Kilo."

"Kilo zangu umeandika ngapi?"

"Mia na mbili."

"Meneja ana tisini na mbili. Tulimpima kwenye mzani wa pamba wa ushirika, na wewe ndiye uliyeusoma."

"Niliongeza kumi. Nilimwongezea kila mtu."

"Kwa nini?"

"Ili watuletee vyuma vya kweli."

Lazaro alitazama barabarani. "Wanaleta," alisema. "Vina matairi sita sita."

Raheli aliuweka ungo chini. Hakunitukana. Alisema tu, "Shemeji, na tulikupa uji hapa."

Nikawaambia masharti ya Marko. Nilieleza haraka, kama mtu anayetoa zawadi. Lazaro alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka nimwangushe."

"Mara moja tu, kaka."

"Mbele ya watu niliowafundisha."

"Wataelewa."

"Wataelewa nini? Wao wanakwenda na mimi nabaki, kwa sababu nimejifanya mnyonge. Simoni ana watoto watatu. Nitamtazamaje Simoni?"

"Utamwangusha," alisema Raheli.

"Raheli."

"Nimesema utamwangusha. Mimi nimeshazika mmoja. Huyu sitamzaa kwenye pori la tembo ili wewe usifagie uwanja."

Lazaro alikwenda kwa Meneja, akapitisha kiganja juu ya gurudumu moja, pale palipong'aa kwa kushikwa. Kisha akaingia ndani.

"Jumamosi," aliniambia Raheli. "Uwepo. Usijifiche ofisini."

Jumamosi nilikuwepo.

Malori mawili yalisimama mbele ya nyumba ya Lazaro saa tatu asubuhi. Hii ilikuwa nyumba ya mwisho. Wengine wote walikuwa wameshapanda. Kulikuwa na vitanda vya kamba, majembe, kuku waliofungwa miguu, na mtungi mmoja uliokumbatiwa na bibi kizee kama vile una roho. Simoni alikaa juu ya gunia la mahindi na mwanawe mdogo magotini. Simoni ndiye aliyekuwa akituchekesha wote uwanjani.

"Mwalimu," Simoni alimwita Lazaro. "Harakisha, tutakosa nafasi ya dirishani."

Watu wa lori walicheka kidogo. Lori halina dirisha.

Marko alishuka na karatasi mkononi. Nyuma yake walikuwa mgambo wawili wenye virungu. Bi Mwanakheri alikuwa ameacha jiko lake la vitumbua, amejifunga kanga kiunoni, amesimama katikati ya njia.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema Marko.

"Marahaba, mwanangu. Umenichukulia wateja wangu wote. Hivi hivi vitumbua niwauzie kuku?"

"Utapata wateja wengine."

"Hao waliobaki hawana meno."

Marko alitabasamu, akampita. Alitangaza kwa sauti kwamba kuna malalamiko juu ya jina la Lazaro, na kwamba yeye ni mtu wa haki, hivyo kila mtu ashuhudie kwa macho yake.

Lazaro alitoka bila shati. Wote tuliujua mwili ule. Alimwendea Meneja, akapanua miguu, akainama. Raheli alikuwa mlangoni, mikono juu ya tumbo.

Alimvuta. Meneja aliondoka ardhini kama kawaida, akapanda mpaka magotini. Niliona shingo ya Lazaro ikijaa. Kisha akamwachia.

Sijui kama mmewahi kusikia chuma cha reli kikianguka kwenye udongo mkavu. Hakilii sana. Kinatoa sauti moja nzito, halafu vumbi. Katika miezi yote niliyokuwa pale, sikuwahi kusikia sauti hiyo kutoka mikononi mwake.

Mtoto wa Simoni aliuliza, "Baba, mwalimu ameangusha?" Simoni akamziba mdomo.

Marko alikata jina kwa kalamu yake nyekundu. "Lazaro atabaki," alisema.

Nilishusha pumzi. Nilimtazama Raheli. Alikuwa amefumba macho.

Lazaro hakutazama mtu. Alikwenda kwenye ukuta, akachukua ufagio wa chelewa, akaanza kufagia uwanja. Alianzia kona ya mbali, kama sheria ilivyotaka, huku mgongo wake umetugeukia.

Pale pangekuwa mwisho wa habari, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika.

"Bwana Cleopa," alisema Marko. Hakuniita Cleopa tu kama kawaida. "Hebu njoo. Taarifa inasema mtu huyu ananyanyua kilo ngapi?"

"Mia na mbili."

"Na sisi tumemwona ameshindwa kupita magotini."

Niliitazama karatasi mkononi mwake.

"Taarifa gani?" Simoni aliuliza kutoka juu ya gunia.

"Hamkuambiwa?" Marko alionekana kushangaa kweli. "Bwana Cleopa ndiye aliyeniandikia majina yenu. Bila yeye ningewajuaje?"

Niliona sura zao zikigeuka, moja baada ya nyingine. Watu ishirini na wanne niliofagia nao uwanja mmoja.

"Nilikutajia jina la baba yangu," alisema Simoni polepole. "Ukaniuliza linaandikwaje. Nikakutajia mpaka jina la babu, nikidhani unatuandikia tupate paa."

"Ilikuwa kwa ajili ya paa, Simoni."

"Paa liko wapi?"

Mwanamke mmoja lorini alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko tusi.

"Basi mambo ni mawili," alisema Marko. "Ama Lazaro amenichezea hapa, ama wewe umeidanganya serikali. Lazaro nimeshamkata mbele ya watu, sitarudi nyuma. Kwa hiyo ni wewe. Kama kilo zake ni uongo, hata za hawa wote huenda ni uongo. Nitapeleka Mikumi watu gani? Utapanda gari na hawa mgambo, ukajieleze Morogoro."

Mgambo mmoja alinishika mkono juu ya kiwiko. Vidole vyake vilizunguka mkono wote, vikakutana upande wa pili. Alionekana kuona haya kwa niaba yangu.

Nitawaambia ukweli. Wakati ule nilijisikia vizuri. Nilifikiri, sawa, hii ni haki. Lazaro anabaki, mtoto atazaliwa hospitali, mimi nitapoteza kazi ambayo pengine Oktoba ningeipoteza tu. Nilitaka kunyamaza na kupanda.

Sauti ya ufagio ilikoma.

"Ngoja," alisema Lazaro.

"Kaka, fagia," nilimwambia. "Tafadhali. Fagia tu."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akasimama mbele ya Marko.

"Huyu kijana hakudanganya. Alikosea kwa kumi tu. Kilo ni tisini na mbili."

"Lazaro," aliita Raheli kutoka mlangoni. Hakupaza sauti.

Aliinama. Safari hii hakukuwa na mchezo. Meneja aliondoka chini, akapita magotini, akatua kifuani, magurudumu yakalia kidogo kwenye chuma chao. Lazaro akavuta pumzi mbili. Kisha akampandisha juu ya kichwa, akanyoosha mikono, akasimama hivyo.

Lorini mtu mmoja alipiga makofi mara moja, akaacha.

Nilimtazama Raheli. Alikuwa hayupo tena mlangoni. Kutoka ndani nikasikia mlio wa sufuria moja ikiwekwa juu ya nyingine, halafu ya tatu. Alikuwa anafunga mizigo.

"Vizuri," alisema Marko. Hakuwa na furaha, na ninaapa hakuwa na furaha. Alitoa kalamu, akaliandika jina la Lazaro upya chini kabisa ya karatasi. "Mwachieni Bwana Cleopa. Lazaro, shusha, uvae shati."

Lazaro hakushusha.

Ndipo nikasema. Sikufikiri. Kama ningefikiri, nisingesema.

"Ndugu Katibu, niandike mimi mahali pake."

"Wewe?"

"Hesabu yako itabaki ileile. Mimi naacha kazi sasa hivi, mbele ya watu hawa. Nipeleke mimi, yeye abaki na mke wake."

Marko alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akaifungua taarifa yangu, akatafuta, akaweka kidole.

"Cleopa. Kilo ishirini na mbili," alisoma. "Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Orodha hii ni ya wenye nguvu. Nikimtoa mtu wa Meneja nikapeleka mtu wa Karani, watanicheka Mikumi."

Watu wa lori walianza kunong'ona. Bi Mwanakheri alisogea karibu.

"Mwache ajaribu," alisema. "Umemjaribu yule kwa kuangusha. Mjaribu na huyu kwa kunyanyua. Si unasema serikali haimwonei mtu?"

"Bi mkubwa, kijana huyu atavunjika."

"Hilo ni lake."

Marko alitazama malori, akatazama saa yake, akatazama mlango ambao sufuria zilikuwa zikilia ndani yake. Nadhani na yeye alikuwa akitafuta mlango wa kutokea.

"Haya," alisema. "Meneja huyo huyo. Ukimpandisha juu ya kichwa, nakata jina la Lazaro na sitaliandika tena. Ukishindwa, yeye anakwenda Mikumi na wewe unakwenda Morogoro. Sitaki kusikia neno jingine."

Daktari wa kambini alikuwa ameniambia kifua changu hakitavumilia mzigo wa ghafla. Nilikuwa nimemfikisha Nyapara kifuani mara moja katika maisha yangu. Meneja alikuwa karibu mara mbili yake.

Nilivua shati. Lorini hakuna aliyecheka mbavu zangu. Hata Simoni alikuwa ameinuka juu ya gunia lake ili aone.

Lazaro alikuwa bado amemshikilia Meneja juu. Sasa akaanza kumteremsha, kifuani, kiunoni, magotini, akamlaza chini mbele ya miguu yangu bila mlio wowote, kama mtoto aliyesinzia.

"Panua miguu," aliniambia kwa sauti ya chini, kama siku zote. "Usimvute kwa mgongo."

Ndani ya nyumba, mlio wa sufuria ukakoma.

Niliinama nikamshika. Chuma kilikuwa bado na joto la mikono yake. Yaliyofuata nitawasimulia wiki ijayo.